Moto wa Makochi

Flaviana aliifunga nyumba yake kama alivyozoea kufunga loji, kwa sababu hakujua namna nyingine. Kwa miaka mingi alikuwa msimamizi wa vyumba katika loji moja iliyo pembeni mwa msitu wa Ngorongoro, mahali ambapo ukungu huingia barazani bila kupiga hodi. Kila mwaka mvua za Aprili zilipowafukuza wageni, yeye ndiye aliyepita chumba kwa chumba akivilaza. Ndivyo wafanyakazi walivyosema, kulaza chumba, na kazi hiyo ina taratibu zake. Friji huzimwa na mlango wake huachwa wazi lisije likaota kuvu. Maji ya sola hufungiwa koki, na matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha hufunikwa. Na dohani, ile njia ya moshi inayotoka kwenye meko ya ukutani hadi paani, huzibwa kwa gunia la sponji linalosukumwa juu kwa mti mrefu, ili baridi na popo visipate pa kupita.

Yeye mwenyewe alikuwa na dohani nyumbani, na si nyumba nyingi za walimu mjini Karatu zinazoweza kusema hivyo. Alikuwa ameitamani tangu siku ya kwanza alipowasha moto wa wageni na kuwaona wakinyoosha miguu mbele yake huku glasi ziko mkononi. Walipojenga, juu kidogo ya barabara iendayo geti la hifadhi, alimsimamia fundi mpaka meko ikakaa ukutani kama ile ya loji, ikatazamana na seti ya makochi ya kahawia. Tangu hapo iliwashwa sikukuu tu, kwani moshi ulichafua dari ya jipsamu, na kuni zilimwaga maganda kwenye zulia. Ilikuwa meko ya kuangaliwa. Mume wake, Mwalimu Philbert Qamara, aliyefundisha jiografia sekondari, hakuwa na la kusema juu ya jambo hilo, na mwanaume asiye na la kusema juu ya sebule huishi kwa amani.

Juni ile walikuwa wanakwenda likizo. Sio msiba, sio harusi, sio kumpeleka mgonjwa. Tangu wafunge ndoa hawakuwahi kuondoka nyumbani bila sababu ya kulia au ya kuchanga. Shule zilikuwa zimefungwa, loji ilikuwa bado inasubiri wageni wa Julai, na dada yake Flaviana aliyeko Moshi mjini, kwenye joto, alikuwa amewaandalia chumba. Flaviana alikuwa na nia ya kulala mpaka jua limkute kitandani. Aliisema nia hiyo kwa kila aliyemuuliza, na hata kwa wasiomuuliza.

Aliyebaki kupangiwa ni Bernadina, mama yake Philbert. Ilipangwa aende Qurus kwa binti yake Angela mpaka warudi. Kwa hiyo nyumba ingebaki tupu, na Flaviana akaileta taratibu ya loji nyumbani kwake. Alhamisi alizima friji, akafunga koki ya sola, akabandika makaratasi kwenye matundu ya hewa. Mwisho akapiga magoti mbele ya meko, akasukuma ndani ya dohani gunia aliloliazima kazini, akalikandamiza kwa mpini wa fagio mpaka likashika. Akajifuta mikono. Aliridhika kama mtu aliyemfunika mtoto vizuri.

*

Bernadina aliletwa kutoka Qurus baada ya kufiwa na mumewe. Nyumba yake ya zamani ilikuwa ya udongo na nyasi, moto katikati na ndama upande wa pili wa kiambaza, na usiku wa baridi watu waliota moto kwa mbele na pumzi za ng'ombe kwa nyuma. Alipofikishwa Karatu akaonyeshwa chumba chake: kitanda, kabati, pazia, na sakafu ya tailizi iliyong'aa. Akasifu sana. Kipupwe cha kwanza alivaa soksi. Cha pili alivaa koti la mwanawe juu ya shuka mbili. Walimnunulia hita ya umeme, nayo ikala umeme wa juma zima kwa siku mbili kisha ikaunguza swichi. Cha tatu hakumuuliza mtu. Alibeba blanketi na ngozi yake ya mbuzi, akahamia jiko la nje.

Jiko lile lilikuwa la mabanzi na mabati, limegusana na banda la ng'ombe. Bernadina alilala humo karibu na mafiga, akaacha kukohoa, akanenepa hata. Mchana alikaa na wenzake sebuleni kwa adabu. Giza likiingia aliaga akaenda zake jikoni. Benedicta, mjukuu wake wa miaka tisa, alimwonea wivu.

Jambo hili lingeweza kuishia humo humo ndani ya ua, lakini siku moja jumuiya ya kanisa ilikuja kusali kwao. Watu wa jumuiya ndogo ndogo walikuwa wamejaa kwenye makochi ya kahawia asubuhi ya Jumamosi, Philbert ameshika Biblia, Bernadina akaingia na blanketi begani, amejaa harufu ya moshi. Laurencia, jirani wa ng'ambo ya uzio, ambaye watu humwita Mama Fabian, akauliza kwa upole kabisa kama vyumba vilikuwa vimejaa wageni, maana siku hizi anamwona bibi anaamkia jikoni. Hakuna aliyecheka kwa sauti. Wanawake waliinamia rozari zao, mabega yakatikisika. Philbert alisoma somo lote bila kuinua macho.

Toka siku hiyo neno likawa ni hilo: mwalimu amemlaza mama yake jikoni. Likafika sokoni, likafika shuleni, na kila lilipopita liliongezewa kipande, kwamba huyo mke si Mchaga? Ndiye aliyemtoa bibi wa watu ndani. Flaviana, aliyekuwa amenunua hita na blanketi kwa mkono wake, alilia kwa uchungu, kisha akaifungia namba ya Laurencia isimpigie tena. Wakikutana njiani walisalimiana kwa vidole.

*

Ijumaa jioni, mabegi yakiwa mlangoni, Bernadina alisema haendi Qurus. Ng'ombe alikuwa amejaa kiwele na mifupa ya mkia imelegea. Alikuwa wa kuzaa leo au kesho, na hakuna mtu anayeacha ng'ombe wa kuzaa kwenda kunywa chai kwa binti yake. Philbert alimweleza kwamba wamempanga kijana wa kuja kukata majani na kuangalia. Mama yake akauliza kama kijana huyo aliwahi kuzalisha.

Wakazunguka hapo kwa muda. Flaviana alikuwa kwenye kochi akikunja nguo za Benedicta, akisikiliza kila neno. Hakumwonea huruma mama mkwe wake wala ng'ombe. Aliwaza jambo moja tu, kwamba wao wakiwa Moshi wanakula raha, Laurencia atachungulia uzioni na kumwona bibi anatoka jikoni na blanketi, na safari hii nyumba nzima ikiwa tupu. Hilo lingetosha kusimuliwa mpaka Krismasi.

Philbert naye aliwaza hilo hilo. Akavuta kigoda akakaa karibu na mama yake, akamwita mama kwa lugha ya kwao.

"Ayo, basi baki. Ila nakuomba kitu kimoja. Ukae humu ndani. Washa moto wa sebuleni."

"Ule wa ukutani?"

"Ule. Watu waone moshi unatoka juu ya bati, wajue mama yangu yuko kwenye kochi anaota moto."

Bernadina aliigeukia meko akaitazama. "Moto ule umekaa ukutani kama picha," alisema. "Nani anaota picha?"

"Ayo. Usiniaibishe."

Neno hilo lilikuwa zito kuliko alivyokusudia. Bernadina akauliza, na jikoni je? Flaviana akawahi kujibu kwamba jikoni atafunga kufuli, kwa sababu ya vibaka. Hapakuwa na kibaka aliyewahi kuiba mafiga. Bernadina alimtazama mkamwana wake, akasema sawa.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na lilizaliwa waziwazi mbele ya watu wazima watatu. Flaviana alilisikia neno moto, akafikiria aibu. Alisikia wazi kwamba meko itawashwa, na mikono yake ndiyo iliyokuwa imeiziba jana yake, lakini mikono ilikuwa imefunga nyumba isiyo na mtu, na kichwa hakikurudi kuihesabia mtu. Alinyanyuka akaondoa yale makaratasi kwenye matundu ya hewa? Hapana. Aliwasha tena friji? Aliwasha, kwa sababu ya maziwa. Kisha akaenda uani na kufuli.

*

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito, hata banda la ng'ombe halikuonekana vizuri kutoka barazani. Bernadina aliwasindikiza hadi kwenye gari akiwa ndani ya koti la mwanawe, akamnong'oneza Benedicta jambo sikioni, wakacheka wote wawili. Noah yao kuukuu ikakohoa, ikakubali. Flaviana alifunga kioo na kuvua viatu. Alijisikia mwepesi.

Walipita Rhotia, wakateremka ukingo wa bonde, na joto likawapokea chini kama kawaida yake. Mto wa Mbu walisimama sokoni wakanunua ndizi nyekundu. Philbert alianza kuimba. Ni mtu asiyeimba, na mkewe akamwacha. Wakati anawasha gari simu ya Flaviana ikaita. Alikuwa Wilson, kijana wake wa kazini.

"Madam, samahani kukusumbua likizoni. Tunaamsha vyumba, Julai inakaribia. Magunia ya dohani yote tumetoa, ila la chumba cha mwisho halionekani."

Flaviana alicheka. "Msilitafute, Wilson. Nililiazima mimi. Liko kwangu, kwenye dohani ya..."

Wilson akaita madam, madam, akadhani ni mtandao, akakata.

Kilichofuata Flaviana aliwahi kumsimulia mtu mmoja tu, dada yake, na hata huyo hakumsimulia chote. Alimpigia Bernadina. Simu ya Bernadina haikupatikana, na hilo halikuwa jambo geni, bibi huizima asiimalize chaji. Philbert akauliza kuna nini, akajibu mambo ya kazi. Gari likaondoka. Maduka ya vinyago yakapita, migomba ikapita, nyika ya Wamasai ikafunguka mbele yao, na yeye akawa anajadiliana na nafsi yake. Moto ni wa jioni, alijiambia. Asubuhi nani anawasha moto, na kuna kazi za banda? Wakifika Arusha atampigia tena. Akisema sasa hivi, gari litageuzwa, na likigeuzwa halitarudi. Akisema, itabidi aseme na sababu ya lile kufuli. Aliitaka safari ile kwa roho yake yote, na kwa kilometa kadhaa roho yake iliipima safari dhidi ya mama mkwe, na mizani ikasimama sawa. Jambo hilo lilimtisha kuliko yote, baadaye.

Benedicta alikuwa amepiga magoti kwenye kiti cha nyuma, uso kwenye kioo.

"Bibi ni mwongo," alisema. "Alisema tukitoka tu anawasha moto wa ukutani, ili nikifika kwenye kona nigeuke niuone moshi wake juu ya bati. Nimegeuka sijaona moshi."

"Ukungu," Philbert alisema.

"Ukungu ulikuwa chini, baba. Bati niliona. Moshi hakuna."

"Simamisha gari," Flaviana alisema.

*

Alisema yote pale pembeni mwa barabara, gunia, makaratasi, kufuli, bila kumtazama mumewe. Philbert alipiga simu kwa Angela, Angela akasema yuko Qurus, hata akiruka hafiki. Alimpigia mwenzake wa shuleni, naye alikuwa Mbulu. Aliye karibu alikuwa mmoja, anatenganishwa na nyumba yao kwa uzio wa miba.

Flaviana aliifungua ile namba aliyokuwa ameifungia. Laurencia aliiacha simu iite mpaka karibu na kukatika.

"Leo umenikumbuka," alisema.

"Mama Fabian, nakuomba uende kwangu sasa hivi. Mama yuko ndani peke yake, amewasha moto wa sebuleni."

"Si ndivyo mlivyotaka? Amenieleza jana mwenyewe. Awashe, sisi tuone."

"Dohani imezibwa."

"Imezibwa na nani?"

Barabarani lilipita gari la watalii, likawarushia vumbi. Flaviana alisubiri lipite.

"Nimeiziba mimi. Kwa gunia la sponji. Na matundu ya hewa nimeyafunika."

"Na jikoni?"

"Nimefunga kufuli."

"Kwa ajili yangu," Laurencia alisema. Hakuwa anauliza.

"Kwa ajili yako."

Kisha sauti ya kandambili zinazokimbia, na simu ikakatika.

Philbert aligeuza gari. Aliendesha kwa kasi ambayo Noah ile haikuijua, na walipopita soko la Mto wa Mbu ndipo alipofungua kinywa.

"Wilson alikupigia tukiwa hapa."

"Ndiyo."

"Kutoka hapa mpaka pale tuliposimama, ulikuwa unafikiria nini?"

Angeweza kusema mtandao. Angeweza kusema alikuwa bado hajakumbuka. "Nilikuwa nafikiria Moshi," alisema. Philbert akatikisa kichwa taratibu, akatazama barabara. Nyuma, Benedicta alikuwa ameanza kulia kwa sauti ndogo, na hakuna aliyembembeleza.

Walipanda ukingo wa bonde kona baada ya kona. Huko mtandao huja na kuondoka, na simu ilipoita ilikuwa wanapita pale juu, mahali ambapo magari ya watalii husimama wageni wapige picha za Ziwa Manyara. Philbert akajibanza nyuma yao. Wazungu wenye kofia pana walikuwa wamejipanga ukingoni, mwuza shanga akawajia dirishani na mkufu, akaona nyuso zao, akarudi nyuma. Flaviana aliweka simu sauti kubwa juu ya dashibodi.

Laurencia hakuwa na haraka. Labda alikuwa anavuta pumzi, au labda aliona ana haki ya kusikilizwa kwa utaratibu. Alikuta mlango umefungwa lakini haukutiwa ufunguo. Alipoufungua ulimtokea moshi mweusi wa sponji, mnene, haukuonyesha hata mkono. Alilowesha kanga kwenye ndoo ya barazani, akajifunga mdomo, akaingia akitambaa. Aliita, hakuitikiwa. Akaanza kupapasa makochi, moja baada ya jingine, akimtafuta bibi kwa mikono. Kochi la kwanza. La pili. Lile refu alilipapasa lote, akakuta shuka la bibi limekunjwa, akalivuta akidhani mtu yumo.

Hapo wakasikia Laurencia analia. Flaviana alikuwa ameshika mkanda wa kiti kwa mikono miwili. Philbert alikuwa ameweka paji la uso kwenye usukani.

"Endelea, Mama Fabian," Flaviana alisema. "Endelea tu."

Kochi la mwisho lilikuwa tupu. Laurencia akatoka nje akitapika, ndipo aliposikia ng'ombe. Akazunguka nyuma. Kufuli la jikoni lilikuwa chini na shoka kando yake, mlango wazi, mafiga yanawaka, sufuria ya maji juu. Na pale bandani Bernadina alikuwa amepiga magoti, mikono yote miwili imezama kwa ng'ombe hadi kwenye viwiko. Hakugeuka. Alimwambia Laurencia amechelewa, ashike mguu huu.

"Yuko hapa," Laurencia alisema. "Anataka kusema. Ngojeni nimshikie, mikono yake haifai."

Bernadina aliongea kwa kupaza sauti, maana hakuwahi kuamini kwamba simu hubeba maneno yenyewe. Alianza na ng'ombe. Amezaa dume.

"Ayo," Philbert alisema huku analia.

"Mnalia nini? Niliwasha moto wenu kama mlivyosema. Nikakaa. Moshi ukakataa kupanda, ukawa unanifuata mimi. Nikasema labda ndivyo moto wa wasomi unavyoanza, nikakaa tena, mpaka machozi. Ng'ombe akalia kule nyuma. Nikajiambia, mwanangu anataka watu waone moto, hakusema lazima na mimi niwepo. Nikayaachia makochi yaote."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Benedicta, aliyecheka na kamasi zake.

"Flaviana yupo?"

"Nipo, mama."

"Nimevunja kufuli lako. Nilihitaji maji ya moto. Usikasirike."

Flaviana aliangua kilio. Pale ukingoni mtalii mmoja aligeuka na kamera, akamwona mwanamke mtu mzima analia mdomo wazi ndani ya Noah, akageukia tena ziwa. Alilia kwa sababu mama mkwe yu hai, na alilia kwa sababu mtu aliyetaka kumficha ndiye aliyekuwa anamwomba radhi.

"Sikasiriki," alisema alipoweza. "Kaa huko jikoni, mama. Tunarudi."

"Mrudi kufanya nini? Sebule yenu haikaliki. Nendeni mlikokuwa mnakwenda, mniletee sukari guru."

Laurencia akaichukua simu. Alisema moto ameshaumwagia maji, gunia limeyeyuka likaanguka, madirisha yote kayafungua, ila dari ni nyeusi na makochi hajui kama yatafaa. Bibi kifua chake ni kizima, lakini atampeleka zahanati akapimwe, na usiku atalala naye yeye mwenyewe.

"Laleni chumbani kwangu," Flaviana alisema. "Huko moshi haukufika sana."

"Kwenye tailizi?" Laurencia alisema. "Tutalala jikoni. Na mwenye maneno aje, atatukuta wawili." Akasita kidogo. "Mficha uchi hazai, Mama Benedicta. Lakini na mimi nilikuwa nachungulia."

*

Hawakuamua mara moja. Philbert alishuka, akasimama miongoni mwa watalii akitazama lile ziwa analolifundisha kila mwaka, na alipokaa tena kwenye usukani hakumwambia mkewe kwamba amemsamehe. Alimpigia mama yake mara ya pili, akamsikia anagombana na Laurencia juu ya kitovu cha ndama. Kisha akageuza gari kuelekea chini. Makuyuni, Monduli, Kisongo, njia nzima walizungumza mambo ya gari tu. Arusha Flaviana alishuka akanunua maji, akampa mumewe ya kwake kwanza. Aliyapokea.

Walifika Moshi jua limeinama. Dada yake Flaviana alikuwa ameweka mtori wa ndizi mezani, na shemeji yao, mtu wa ofisi na mwenye kauli nzuri, akamkaribisha kila mmoja kwa cheo chake. Kulikuwa na wageni wengine wawili wa kanisani. Walikula, wakasifia joto. Katikati ya mtori shemeji akauliza, kama mtu mwenye adabu anavyopaswa kuuliza, na mama yetu Bernadina je, mmemwacha wapi kwenye baridi ile?

Philbert aliinamia sahani. Jibu la kawaida lilikuwepo, lilikuwa limeshatumika miaka mitatu: yuko nyumbani, yuko salama, anawasalimu. Wageni wa kanisani walikuwa tayari wameanza kuitikia kwa vichwa.

"Yuko jikoni," Flaviana alisema.

Dada yake akaacha kijiko hewani.

"Jikoni," alirudia, akajiongezea mtori. "Ndiko kwenye moto."